Namba ya Siri Ikisahauliwa

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo na vikundi vya kuweka na kukopa, Shinyanga na Geita

  

Leo hatuzungumzi juu ya pamba, wala juu ya zebaki kule machimboni. Hayo tumeyasema, na tutayasema tena. Leo tunazungumza juu ya kishikwambi. Tena siyo kishikwambi kinachofanya kazi. Ni kishikwambi kilichofungwa, na aliyekifunga amesahau namba ya siri.

Msiseme, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa mjini." Ngojeni kwanza. Mkisikia yaliyotupata sisi, mtaona kuwa jambo hili linagusa hela ya muuza maandazi, ya mkulima wa pamba na ya mchimbaji mdogo, wote sawasawa.

KISHIKWAMBI NI NINI?

Wengi wetu tulikiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2022. Makarani wa Sensa walipofika nyumbani hawakubeba madodoso ya karatasi kama miaka ya nyuma. Walibeba kibao chembamba cha kioo. Wakauliza, "Nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti?" Ukijibu, wanagusa kioo kwa kidole. Basi, kile ndicho kishikwambi. Baada ya Sensa, serikali iliamua vishikwambi vile wapewe walimu. Sasa vipo shuleni. Vya kununua vipo madukani. Na vikundi vyetu navyo vimeanza kuvitumia.

Kishikwambi ni ndugu yake simu janja, ila kioo chake ni kipana karibu sawa na daftari. Ndani yake unaweza kuweka picha, majina, hesabu na barua. Ili mtu mwingine asifungue, mwenyewe huweka namba ya siri. Wengine huchora mchoro kwa kidole. Wengine huweka alama ya kidole chao. Katika vitabu vipya mtakutana na neno nywila. Hilo nalo ni neno la siri la kufungulia.

YALIYOTUPATA

Kipo kikundi kimoja katika kijiji kilicho kati ya Kahama na Geita. Wanachama ni 28. Wengine wanalima pamba na mpunga. Wengine wanapika chakula cha kuwauzia wachimbaji. Wengine wana duara lao dogo la dhahabu. Wanakutana kila Alhamisi. Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwanachama hununua hisa moja mpaka tano. Mwezi wa Desemba wanagawana.

Sanduku la kikundi ni la bati, lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wa nyumba tatu. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki. Utaratibu huu mnaujua. Ni utaratibu mzuri.

Katibu wa kikundi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Sisi ndio tuliowashauri. Tulisema, "Acheni madaftari yanayoliwa na mchwa. Nunueni kishikwambi, hesabu zitakaa vizuri." Wakachanga, wakanunua. Katibu akaweka namba ya siri yenye tarakimu sita, na akaweka alama ya kidole chake. Tukafurahi. Hatukumwuliza namba hiyo imeandikwa wapi. Kosa hilo ni letu, na leo tunalisema mbele yenu.

Mwezi wa Oktoba ikatokea rashi. Watu wakasema dhahabu imeonekana mahali papya. Mnavyojua, rashi ikitokea vijana hawalali. Katibu akaondoka usiku, kishikwambi akakiacha kwa mwenyekiti. Kikakaa wiki tatu bila chaji, kikazima kabisa.

Katibu aliporudi wakakichaji, kikawaka. Akaweka kidole. Kikakataa. Kikaandika kwamba kinataka namba. Hii ndiyo kawaida ya vifaa hivi. Kikizima na kuwaka upya, hakikubali kidole mpaka kwanza uandike namba. Na katibu, kwa miezi tisa, mara nyingi alikuwa akitumia kidole. Namba ilikuwa imemtoka kichwani.

Akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Siyo. Akajaribu mwaka wa mtoto. Siyo. Akajaribu mwisho wa namba ya simu. Siyo. Kishikwambi kikamwambia subiri. Akasubiri, akajaribu tena. Kikamwambia subiri zaidi.

Sasa oneni hali ilivyokuwa. Sanduku likafunguliwa kwa funguo zote tatu, fedha zikahesabiwa, zikawapo. Lakini hesabu hazipo. Nani ana hisa ngapi? Nani amekopa? Nani amelipa? Yote yamo ndani ya kishikwambi. Maneno yakaanza. Huyu akasema, "Katibu amekula." Yule akasema, "Alienda rashi na hela zetu." Mwingine aliyekuwa amekopa akakaa kimya kabisa, akitazama chini. Mama mmoja mwenye watoto wanne akatuambia, "Mwalimu, ile ni ada ya mwanangu. Mlituambia tuache madaftari." Hatukuwa na la kumjibu.

Jambo la kujifunza la kwanza ni hili. Sanduku lilikuwa na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Kishikwambi kilikuwa na ufunguo mmoja, ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Tulilinda fedha, lakini hatukulinda hesabu.

KWA NINI FUNDI HAWEZI KUVUNJA TU?

Vijana walisema, "Twende kwa fundi, ataflashi." Tukaenda. Fundi mmoja akasema, "Leteni elfu arobaini, nafungua, na vitu vyenu vyote vitabaki." Tukamwuliza, "Vitabaki kwa njia gani?" Hakueleza. Tukachukua kifaa chetu, tukaondoka.

Sikilizeni sababu. Ghala la mahindi likifungwa na ufunguo ukapotea, utavunja mlango. Mahindi yamo ndani, yale yale. Kishikwambi cha siku hizi hakiko hivyo. Vitu vilivyomo huandikwa kwa fumbo, na namba yako ni sehemu ya ufunguo wa kulifumbua fumbo hilo. Bila namba, hata ukikipasua kifaa chenyewe, utakachokuta hakisomeki. Ni kama ukute mahindi yamesagwa pamoja na mchanga.

Vishikwambi vya zamani sana vilikuwa na njia za pembeni. Vya sasa kwa kawaida havina. Fundi mwaminifu atakwambia mapema: "Kifaa naweza kukurudishia, lakini vilivyomo vitafutika." Huyo mwamini. Anayekuahidi yote mawili, mwulize maswali kabla ya kutoa hata shilingi.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Labda mtu atasema, "Tukae tujaribu namba zote." Haya, tupige hesabu.

Namba yenye tarakimu nne huanza 0000 na kuishia 9999. Jumla ni namba 10,000. Tuseme kila jaribio linachukua nusu dakika. 10,000 mara nusu dakika ni dakika 5,000. Gawa kwa 60. Utapata saa 83 na dakika 20. Hiyo ni karibu siku tatu na nusu, bila kula wala kulala.

Namba ya tarakimu sita je? Hizo ni namba 1,000,000, yaani mara mia moja ya zile za kwanza. Siku tatu na nusu zikizidishwa kwa mia moja ni siku 350. Ni karibu mwaka mzima.

Na kishikwambi hakikuachi ujaribu hivyo. Ukikosea mara kadhaa kinakuambia subiri nusu dakika, baadaye dakika, baadaye zaidi. Vingine, makosa yakizidi, hujifuta vyenyewe. Kwa hiyo kubahatisha ovyo ni hatari.

UFANYE NINI? FUATA HATUA HIZI

Hatua ya kwanza. Acha kubahatisha. Weka kifaa chini. Asishike mtoto.

Hatua ya pili. Chukua karatasi na kalamu. Andika namba zote unazodhani ulitumia. Fikiri juu ya siku ile ulipoiweka. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Namba gani ilikuwa kichwani siku hiyo? Kisha jaribu moja moja, taratibu, na ile iliyokataa ikate kwa mstari. Mara nyingine kichwa husahau lakini kidole kinakumbuka njia kilikopita kwenye kioo. Kwa hiyo jaribu ukiwa umetulia, siyo ukiwa unagombezwa.

Hatua ya tatu. Kizime, utoe laini na memori kadi. Memori kadi ni kile kipande kidogo cha kuongezea nafasi. Mara nyingi vilivyomo humo vinaweza kusomeka kwenye simu nyingine. Sisi tulitoa ya kwetu. Tulikuta picha za mikutano tu. Hesabu hazikuwamo.

Hatua ya nne. Tafuta akaunti. Kishikwambi kinapoanza kutumika huwekewa akaunti yenye barua pepe na nywila. Vingi vya huku kwetu hutumia akaunti ya Google. Omba simu janja ya mtu unayemwamini, uingie kwenye akaunti yako, utazame kama kuna nakala ya vitu vyako iliyohifadhiwa huko. Ukisahau nywila ya akaunti, utaulizwa kama una namba ya simu iliyoandikishwa. Ujumbe wenye namba ya uthibitisho utakuja kwenye simu hiyo. Ndiyo maana laini yako isiife. Laini isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa na kampuni. Na ukimaliza, utoke kabisa kwenye akaunti katika simu ile ya kuazima.

Hatua hii msiiruke. Fanyeni hivi kabla ya kufuta, maana akaunti itahitajika tena baadaye. Na kama umebadilisha nywila, usifute kifaa siku hiyohiyo. Ngoja siku mbili tatu, kwani kifaa kinaweza kuikataa nywila mpya kwa muda.

Hatua ya tano. Yote yakishindikana, futa. Hii ni kama kuchoma shamba ili ulime upya, kwa hiyo kikundi kizima kikubali kwanza, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Katika vishikwambi vingi hufanywa hivi. Kizime. Bonyeza pamoja kitufe cha kuwashia na kitufe cha kuongeza sauti, ushikilie mpaka orodha ya maneno itokee. Shuka kwa kitufe cha sauti mpaka kwenye maneno ya Kiingereza "Wipe data/factory reset". Maana yake ni futa vyote, rudisha kifaa kilivyotoka kiwandani. Kubali kwa kitufe cha kuwashia. Vifaa vinatofautiana kidogo, na hapa fundi mwaminifu anafaa.

Hatua ya sita. Kikiwaka upya, kitakuuliza akaunti iliyokuwamo zamani. Wengi hushangaa hapa. Wanasema, "Tumeshafuta, kinauliza nini tena?" Kinauliza kwa sababu ya wezi. Toka mwaka 2015 vifaa vingi vya aina hii vimewekewa kinga hiyo. Mwizi akiiba na kufuta, bado hawezi kukitumia, maana hana nywila ya mwenyewe. Ni jambo jema. Lakini nawe ukinunua kishikwambi cha mkononi, na muuzaji hakuitoa akaunti yake, umenunua kioo cha kujitazamia.

Akaunti ya katibu wetu ilifunguka kwa ujumbe uliokuja kwenye laini yake. Tukangoja siku tatu, tukafuta, tukaingia. Kishikwambi kikawa kizima kama kipya. Majina ya simu yakarudi. Hesabu hazikurudi, kwa sababu hatukuwa tumeweka nakala yake popote.

DAFTARI LA MAMA MHESABU FEDHA

Sasa tumalize habari ya kikundi.

Katika kikundi kile kuna mama mmoja, ndiye mhesabu fedha. Yeye amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la MUKEJA. Mikono yake ni ya jembe, na hati yake ni kubwa, herufi moja inajaza mistari miwili. Kila Alhamisi, wakati katibu anagusa kioo, mama huyu alikuwa akiandika kwa penseli kwenye daftari la mtoto wake: tarehe, jina, hisa, mkopo. Vijana walimcheka. Walisema, "Mama, hayo mambo yameshapitwa." Yeye alijibu, "Mimi naandika nisije nikasahau kuandika."

Siku ile ya kelele alirudi nyumbani, akaja na daftari limefungwa kwenye khanga.

Alhamisi zilikuwa 40 toka Januari. Daftari lilikuwa na Alhamisi 37. Tatu hazikuwamo, kwa sababu wiki hizo alikuwa hospitali akimwuguza mtoto. Tukahesabu zile 37 kwa sauti, kila mtu akisikia jina lake. Zikawa hisa 2,914.

Zile tatu tulizifanyaje? Wanachama wa kikundi hiki hukaa kwa namba, kila mtu mahali pake, na kila mmoja hutaja hisa zake kwa sauti. Kwa hiyo jirani husikia. Tukamwuliza kila mtu alinunua ngapi, tukamwuliza na jirani yake. Zikapatikana hisa 231. Jumla hisa 3,145. Zidisha kwa shilingi 2,000. Ni shilingi 6,290,000.

Tukaja kwenye mikopo. Yule aliyekaa kimya, daftari lilionyesha amechukua shilingi 150,000, na pembeni kuna saini yake. Tukampa daftari. Yeye naye ni mhitimu wa kisomo. Akaisoma, akakaa kidogo, akasema, "Huu ni mkono wangu." Hakuna aliyemzomea. Mikopo yote iliyo nje ikawa shilingi 2,700,000.

Sandukuni mlikuwa na shilingi 3,884,000. Jumlisha na mikopo. Ni shilingi 6,584,000. Toa riba na faini zilizokwisha kuingia, shilingi 300,000. Zinabaki shilingi 6,284,000.

Linganisheni. Hisa zinasema 6,290,000. Fedha zinasema 6,284,000. Tofauti ni shilingi 6,000, yaani hisa tatu. Kwa hiyo katika zile Alhamisi tatu kuna mtu, au watu, waliokumbuka vibaya. Mkutano ukaamua shilingi 6,000 zitoke kwenye fedha za faini, neno liishe. Na kuhusu katibu, ikaonekana hakula kitu. Alisahau tu. Lakini kwa siku kumi na moja alikuwa anaitwa mwizi katika kijiji chake mwenyewe, na mkewe hakwenda kisimani mchana. Hilo nalo tulikumbuke. Namba iliyosahauliwa inaweza kumharibia mtu jina.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kisomo chenye manufaa kilipoanza katika mikoa hii ya Ziwa mwaka 1968, watu walijifunza kusoma kwa kutumia kazi zao wenyewe, na pamba ilikuwamo. Lengo lilikuwa mkulima asome mizani mwenyewe na aandike hesabu yake mwenyewe. Kishikwambi hakijaondoa lengo hilo. Kimeongeza chombo kimoja tu.

TUJIKINGE VIPI?

Hatusemi mkivunje kishikwambi. Kikundi kile bado kinakitumia. Kinajumlisha haraka, na hakikosei hesabu kama kimeandikiwa sawasawa. Ila sasa wana utaratibu, nasi tunawapa ninyi utaratibu huohuo.

1. Andikeni namba ya siri kwenye karatasi. Itieni kwenye bahasha, ifungeni kwa gundi, viongozi watatu watie saini mahali ilipofungwa. Bahasha ikae ndani ya sanduku la kufuli tatu. Ikifunguliwa, kila mtu atajua.

2. Kila mkutano, katibu aandike namba kwa mkono. Asitumie kidole peke yake.

3. Hesabu ziandikwe mahali pawili: kwenye kishikwambi na kwenye daftari. Mwisho wa mkutano namba za mwisho zisomwe kwa sauti, zilingane.

4. Katika karatasi nyingine andikeni barua pepe ya akaunti na nywila yake. Akaunti iwe ya kikundi, na laini iwe ya kikundi. Kijana wa dukani akikufungulia akaunti, usiondoke mpaka ameandika yote na wewe umejaribu mwenyewe. Karatasi hii nayo iingie kwenye bahasha.

5. Tunzeni risiti. Kama kishikwambi kinatumia laini, andikeni pia namba ya utambulisho wa kifaa. Ina tarakimu 15. Mara nyingi imeandikwa kwenye boksi au mgongoni mwa kifaa. Kwenye simu bonyeza *#06#, itatokea. Kifaa kikiibwa, polisi watakuuliza namba hiyo.

6. Usinunue kifaa cha mkononi mpaka muuzaji ametoa akaunti yake mbele yako. Na usijaribu kufungua kifaa cha mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa.

Mwalimu mwenye kishikwambi cha serikali asikipeleke kwa fundi wa mtaani. Ile ni mali ya umma. Atoe taarifa kwa mkuu wa shule, wapelekewe wataalamu wa halmashauri.

NA SISI WENYE SIMU NDOGO?

Mwenye simu ya tochi naye asikilize. Kama umeifunga laini kwa namba ya siri, ukikosea mara tatu laini hujifunga. Hapo hutakiwa namba nyingine, inayoitwa PUK. Hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kile kikadi ulichopewa siku uliponunua laini. Kama kimepotea, nenda kwenye duka la kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho chako cha Taifa. Usibahatishe PUK. Ukiikosea mara kumi, laini inakufa.

Namba ya siri ya fedha za simu ni jambo jingine. Hiyo usimpe mtu. Siyo katibu, siyo wakala, siyo anayepiga na kusema yeye ni wa kampuni. Ukiisahau, nenda dukani kwao mwenyewe, na kitambulisho chako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, hesabu zinajulikana na watu wangapi? Mmoja akisafiri leo, mkutano wa Alhamisi utafanyika?

2. Kwa nini kishikwambi kilikataa alama ya kidole cha katibu?

3. Kikundi kina wanachama 25. Kila mmoja amenunua hisa mbili za shilingi 2,000. Zimeingia shilingi ngapi? Mmoja aandike ubaoni.

4. Katibu aliitwa mwizi siku kumi na moja. Wanachama wangefanya nini tofauti?

Ndugu wanakisomo, mkitoka hapa, kila mmoja aende nyumbani akaulize: ufunguo uko wapi, na nani mwingine anaujua? Mama mhesabu fedha sasa amemaliza daftari lile la kwanza. Kikundi kimemnunulia jipya, la jalada gumu, na kalamu mbili.